Kuhamisha Miche Kutoka Kitaluni Mpaka Shambani

Katika kazi zote za shamba, ipo moja ambayo humalizika kwa muda wa jioni mbili tatu tu, lakini ikifanywa vibaya huharibu kazi ya miezi miwili. Kazi hiyo ni kuhamisha miche. Watu wa pwani, waliozoea kuhamisha miche ya mpunga, wana neno lake hasa, nao huita kuatika. Sisi wa bara kwa kawaida husema tu "kupanda kabichi" au "kupanda miti", kana kwamba mche ni mbegu. Mche si mbegu. Mbegu imelala, nawe unaweza kuiweka mfukoni wiki nzima isipate neno. Mche uko hai, unakunywa na kupumua, na siku unapoung'oa kitaluni unaukata mdomo.

Tuanze na hesabu, maana hasara ya kazi hii huonekana vizuri kwa hesabu. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ukipanda kabichi kwa nafasi ya futi 2 kwa futi 2, kila mche una futi za mraba 4, na ekari yako itachukua miche 10,890. Sasa, mche mmoja katika kila mitano ukifa, umepoteza miche 2,178. Kumbuka kwamba mahali pale palipokuwa na miche hiyo umekwisha kupalima, umekwisha kupatia samadi na mbolea ya dukani, na kama trekta lilikodiwa, umekwisha kupalipia. Magugu nayo hupenda sana mapengo. Kwa hiyo utapalilia mahali ambapo hapatakupa hata kabichi moja. Mkulima aliyepewa ekari chache katika skimu, mwenye karo ya watoto na labda deni la pembejeo, hana nafasi ya kulima mapengo.

Kwa nini mche hunyauka?

Wengi hufikiri mche hunyauka kwa sababu ya jua tu. Jua lina sehemu yake, lakini sababu yenyewe iko chini ya udongo. Mizizi ile minene unayoiona ukiung'oa mche siyo inayokunywa maji mengi. Kazi hiyo hufanywa na vinyweleo vidogo sana vilivyo karibu na ncha za mizizi, vyembamba hata huwezi kuviona vizuri kwa macho. Vinyweleo hivyo hushikana na chembe za udongo. Unapovuta mche kwa nguvu, udongo hubaki chini pamoja na vinyweleo, nawe unabaki na mizizi isiyoweza kunywa. Wakati huo huo majani yanaendelea kutoa maji hewani bila kujua habari ya yaliyotokea chini.

Ukitaka kuona kwa macho yako jinsi majani yatoavyo maji, fanya jaribio hili, ambalo watoto wa shule hulifanya na kulifurahia. Asubuhi yenye jua, chukua mfuko safi wa plastiki unaopitisha mwanga, uvike tawi dogo lenye majani mengi, kisha funga mdomo wa mfuko kwa kamba. Rudi baada ya saa moja au mbili. Utakuta matone ya maji ndani ya mfuko. Maji hayo hayakutoka mbinguni, yalitoka katika majani. Basi mche uliong'olewa hutoa maji kama kawaida lakini hauingizi. Ni kama debe lililotoboka na mfereji umefungwa.

Ukiisha kulifahamu jambo hilo moja, karibu kila shauri utakalopewa juu ya kuhamisha miche litakuwa na maana kwako, na hutahitaji kulikariri. Mashauri yote yana makusudi mawili: kuhifadhi mizizi mingi iwezekanavyo, na kupunguza maji yatokayo majanini mpaka vinyweleo vipya vitakapoota.

Kuutayarisha mche

Mche uliolelewa kivulini na kumwagiliwa asubuhi na jioni ni laini kama mtoto asiyewahi kutoka nje. Siku kumi hivi kabla ya kuhamisha, anza kuufundisha. Punguza kivuli kidogo kidogo, kwanza saa za asubuhi, kisha kutwa nzima. Punguza maji pia, lakini usiuache unyauke kabisa. Shina litakuwa gumu, na majani yatakuwa na rangi nzito zaidi. Wapo wanaoona huu ni ukatili, nao huendelea kumwagilia mpaka siku ya mwisho ili miche ipendeze. Miche hiyo hupendeza kitaluni tu.

Jioni ya siku iliyotangulia kuhamisha, mwagilia kitalu maji mengi mpaka yashuke chini. Hapa wengi hushangaa, kwa kuwa tumesema punguza maji. Lakini maji haya ya mwisho ni ya namna nyingine: mche hujaza tumbo lake kabla ya safari, na udongo uliolowa hushikamana na mizizi. Kesho yake usivute kwa mkono. Ingiza uma, au panga, au hata kijiti kipana chini ya mizizi, uinue mche pamoja na bonge lake la udongo.

Kabichi huwa tayari kwa kawaida baada ya wiki 4 mpaka 6, ikiwa na majani halisi manne au zaidi kidogo. Katika sehemu za baridi kama Kinangop huchelewa, basi tazama mche wenyewe kuliko kalenda. Kitunguu huhamishwa kinapokaribia unene wa penseli. Usichukue kila kilichoota. Mche wa kabichi usio na kile kichipukizi cha katikati hautafunga kamwe hata ukiutunza kama yai. Mche wa nyanya wenye mafundo katika mizizi umekwisha kuingiwa na minyoo ya udongo, na mche wenye shina jeusi karibu na ardhi una ugonjwa. Huo ukiupeleka shambani umeupeleka ugonjwa shambani, utakaokaa huko kuliko wewe unavyotaka. Kwa sababu hiyo hiyo, kitalu cha kabichi au sukuma wiki kisiwekwe mahali ambapo mimea ya jamaa hiyo ilipandwa katika miaka mitatu iliyopita.

Ikiwa unanunua miche kwa mtu, chungulia mizizi kabla ya kutoa pesa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Ukiwa na safari ya mbali, funga miche katika gunia lililoloweshwa, iweke kivulini, na usiifunge nyuma ya pikipiki ikipigwa na upepo njia nzima. Nimeona miche iliyosafiri namna hiyo kutoka sokoni ikifika nyumbani kama mboga iliyopikwa. Akina mama wengine hufanya jambo zuri sana: huchovya mizizi katika karai la udongo laini uliokorogwa kwa maji mpaka uwe kama uji mzito. Tope hilo hukaa juu ya mizizi kama nguo yenye unyevu. Hakuna gharama yoyote.

Siku ya kupanda

Chagua jioni, kuanzia saa kumi, au siku ya mawingu. Mche unaopandwa jioni una usiku mzima wa baridi na umande kabla ya kukutana na jua. Mche unaopandwa saa nne asubuhi utakutana na jua la saa sita ukiwa bado mgeni. Najua vibarua huja asubuhi na hutaka kumaliza mapema. Waanzishe kwa kuchimba mashimo, kuchanganya samadi na kuteka maji, kisha kazi ya kupanda ije baadaye.

Mbolea ya DAP imeua miche mingi mikononi mwa watu wenye nia njema. Chumvi ya mbolea ikigusa mzizi huunguza. Kijiko kimoja cha chai katika shimo la kabichi kinatosha, nacho lazima kichanganywe vizuri na udongo wa shimo, kisha juu yake utie udongo kidogo usio na mbolea kabla ya kuuweka mche. Samadi iwe imeoza kweli. Ile yenye moto ndani iache boma mpaka ipoe.

Juu ya kina cha kupanda hakuna sheria moja kwa mimea yote, na hapa ndipo watu hukosea kwa kufuata mazoea. Kabichi hupandwa mpaka karibu na majani yake ya kwanza. Nyanya yaweza kuzikwa zaidi ya ilivyokuwa kitaluni, kwa kuwa shina lake lote hutoa mizizi likikutana na udongo. Kitunguu kisizikwe sana. Mti wa matunda uliounganishwa, kama parachichi la Hass, pale palipounganishwa lazima pabaki juu ya udongo. Ukipafunika, magonjwa ya udongo huweza kuingia pale, au sehemu ya juu ikatoa mizizi yake na kukosa faida ya shina la chini.

Mwagilia shimo kabla ya kupanda, si baada tu. Shikilia mche kwa jani, siyo kwa shina, kwa maana jani likikatika litaota lingine. Hakikisha mizizi inaelekea chini, kisha rudisha udongo na ukandamize kwa vidole pande zote. Udongo uliolegea una matundu ya hewa, na mzizi uliokaa katika hewa hukauka. Sasa jaribu kazi yako: shika ncha ya jani moja na uvute taratibu. Jani likichanika na mche ukabaki, umepanda vizuri. Mche ukitoka mzima, kandamiza zaidi. Mwenye shamba akipita nyuma ya vibarua na kujaribu mche mmoja katika kila ishirini, atajua mapema ni nani anapanda na ni nani anasimamisha tu.

Mwisho wa yote, nyunyiza udongo mkavu kidogo juu ya ule uliolowa ili usipasuke, na kama siku za jua zinakuja, weka kivuli cha majani ya mgomba au ya mti upande wa magharibi wa kila mche kwa siku tatu au nne.

Wakulima wa uwanda wa Kinangop wana shida yao maalumu. Udongo wao wa juu ni mwepesi, lakini chini yake pana tabaka la udongo mzito lisilopitisha maji. Mvua ndefu zikishika, maji husimama na mizizi hukosa hewa. Mche unaweza kunyauka na miguu yake imo majini, na mkulima akiona hivyo huongeza maji. Dawa yake ni kupanda juu ya matuta yaliyoinuliwa na kuacha mitaro ya kuondoa maji. Huko pia yapo majira ya jalidi, ile baridi inayounguza majani ya viazi usiku wa mbingu safi katika miezi mikavu ya mwanzo wa mwaka. Mche uliohamishwa jana hauna nguvu ya kuistahimili.

Pareto

Pareto ni mmea ambao wazee wa skimu za Nyandarua, Molo na Ol Kalou waliujua kabla ya kuijua benki. Mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa mwaka 1962 chini ya mpango wa ekari milioni moja, pareto ilikuwa mojawapo ya mazao yaliyowapa walowezi wapya pesa za kwanza. Baadaye zao lilianguka vibaya, na watu wakang'oa. Miaka hii wako wanaolirudia, na wengi wao ni vijana ambao hawakuwahi kuona jinsi baba zao walivyolipanda.

Pareto yaweza kupandwa kwa miche ya mbegu au kwa vipande vya mmea mkubwa. Ukitumia vipande, chagua kwanza wakati wa maua. Tembea shambani, tazama mimea yenye maua mengi yaliyosimama wima, na utie alama ya kijiti. Ukingoja mpaka siku ya kung'oa, mimea yote itafanana, nawe utachukua mnene wa majani ambao huenda ni mvivu wa maua. Ng'oa mmea wenye umri wa miaka miwili hivi, ukung'ute udongo, uupasue kwa mikono upate vipande, kila kimoja na mizizi yake. Punguza majani kwa kisu na ukate mizizi iliyo mirefu mno, ili isikunjike shimoni. Kukata majani huwauma wengine kuona, lakini kumbuka ule mfuko wa plastiki: kipande chenye mizizi michache hakiwezi kunywesha majani mengi.

Panda mvua inaposhika, juu ya matuta, kwa nafasi ya futi 3 kati ya matuta na futi 1 kati ya mimea. Nafasi hiyo huchukua mimea 14,520 katika ekari. Usizike moyo wa mmea, ile sehemu majani yanapotokea. Ukizikwa huoza. Na usipande vipande vipya pale pale ulipong'oa pareto ya zamani, kwani minyoo ya mizizi inawangoja. Panda shayiri au nyasi kwanza, upumzishe mahali hapo kwa misimu kadhaa.

Miti

Katika miti, kosa kubwa ni kupenda urefu. Mtu akienda kununua grevilia, ambayo wengi huiita mukima, huchagua ule mche unaomfika kiunoni, na kuacha wa futi moja au moja na nusu. Mrefu ule umekaa mno katika mfuko mdogo. Mizizi yake imezunguka chini kama kamba iliyoviringishwa, na hata ukiupanda katika shimo zuri itaendelea kuzunguka. Mti utasimama miaka kadhaa, kisha upepo utauangusha, nawe utaulaumu upepo. Ule mfupi mnene utaupita mrefu upesi.

Chimba mashimo wakati wa kiangazi, ukiweka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Kwa miti ya mbao na kuni, shimo la futi moja na nusu kila upande linafaa. Kwa parachichi na matunda mengine, futi mbili kila upande. Wakati wa kupanda, udongo wa juu uliochanganywa na samadi hurudi kwanza, karibu na mizizi. Ondoa mfuko wa plastiki wote. Wapo wanaopasua chini tu na kuuacha pembeni, wakisema mizizi itajitafutia njia. Haitatafuta. Mizizi iliyoviringana chini ya bonge ikate kwa kisu kikali kabla ya kupanda. Kahawa na miti mingine yenye mzizi mkuu ina jambo moja la ziada: mzizi huo ukiwa umepinda kama ndoana, mche huo usipandwe hata kama umeulipia.

Miche ya matunda inunuliwe katika vitalu vilivyosajiliwa. Shirika la KEPHIS lina kazi ya kuangalia afya ya mimea nchini, na kitalu chenye karatasi zake hakitaona aibu kukuonyesha. Parachichi hungojewa miaka kadhaa kabla ya tunda la kwanza la maana, na huo ni muda mrefu wa kungoja mti usioujua.

Palilia majani mita moja kuzunguka mti mchanga, na uuzungushie miiba. Mbuzi mmoja hula miti mingi kuliko kiangazi.

Mimea isiyotaka kuhamishwa

Karoti usiihamishe. Mzizi wake ndio chakula chenyewe, na ukiguswa hugawanyika kama miguu ya kuku. Maharagwe na mahindi pia hayapendi kung'olewa. Ukiwa na mapengo katika mahindi, panda mbegu mapema, ndani ya wiki ya kwanza baada ya kuota. Ukichelewa, hindi jipya litafunikwa na kivuli cha wenzake na halitazaa kitu. Katika pengo lililochelewa ni afadhali utie maharagwe.

Siku za baadaye

Tembelea miche kila asubuhi kwa wiki mbili. Mche ulioinama saa saba mchana na kuinuka jioni usikutie wasiwasi, unazoea mahali. Lakini ule ulioinama hata saa kumi na mbili asubuhi una shida ya kweli. Fukua kidogo uone kama mizizi imekauka, imeoza au imeliwa. Ukikuta shina limekatwa karibu na ardhi na mche umelala kando, hiyo ni kazi ya viwavi wanaotoka usiku. Mchana hujificha udongoni karibu na mche walioukata, wamejikunja kama pete. Chimba kwa kidole inchi moja au mbili, utampata na kumwua kabla hajafika kwa jirani yake.

Usitie mbolea ya CAN mpaka uone majani mapya, kwa kawaida wiki ya tatu. Majani mapya ni barua kutoka kwa mizizi kwamba imeanza kunywa.

Kwa ajili ya mapengo, acha kitaluni miche ya akiba, kama mmoja kwa kila kumi uliopanda. Ijazwe katika siku kumi za kwanza, jioni, kwa uangalifu ule ule. Kabichi iliyojazwa baada ya wiki nne itakuwa ndogo siku ya kuvuna, na mnunuzi mwenye lori atakayekuja kuchukua shamba zima ataitumia hiyo kushusha bei ya zote. Kuhusu aina za mbegu na nafasi zinazofaa eneo lako, muulize afisa wa kilimo wa wadi. Tangu 2013 kazi hiyo ya ushauri iko mikononi mwa serikali za kaunti. Nenda ukiwa na mche wenye shida mkononi, na udongo wake ukiwa bado umeshikamana na mizizi, kwa maana ukimweleza kwa maneno tu atakuambia aje aone, na safari hiyo huenda ikachukua wiki.